Digrii Arobaini

Hapa Kaldavík kidimbwi cha maji moto tunakiita chungu,
na kila jioni watu wanane huingia kujipika.
Theluji inawatua vichwani,
mabega yamepata rangi ya kamba aliyechemshwa,
na hoja ni ileile: handaki.
Tutoboe mlima, au tubaki na njia ya pwani
inayoporomokewa na mawe kila theluji ikiyeyuka?

Mimi ndiye mwangalizi. Nalipwa kutazama wasizame.
Ukutani pana sheria tisa:
oga kwanza, usikimbie, usilete chupa...
Hakuna inayosema lolote kuhusu ulimi.

Hallbera, aliyenitangulia, aliongeza ya kumi kwa mkono wake.
Sauti ikipanda tu, prii!
Neno "mjinga", prii!
Hata kicheko kirefu kilimtia shaka.
Haukupita mwezi, chungu kikatulia kama supu iliyopoa.
Watu waliingia, wakalowa, wakatoka.
Ugomvi haukufa; ulivaa makoti
ukahamia kwenye maegesho,
ndani ya magari yenye injini zinazonguruma,
vioo juu, kila mtu na wa upande wake,
na huko sijasikia aliyewahi kubadili mawazo.

Nilipokabidhiwa kipenga nikakitia mfukoni.
Nikasema: watu wazima hawa, waache.
Na kweli, raha! Ketill akayapiga maji kofi,
Steinvör akamhesabia gharama za handaki kwa vidole
mpaka vikamwishia, akaazima vya jirani.

Mpaka ile Jumanne.
Eyvindur, hoja zilipomkauka, akaokota jiwe:
"Mumeo hakuuawa na barabara. Aliuawa na chupa."

Maji yaliendelea kutokota.
Chungu kikawa chungu.
Nilikuwa hatua tatu tu. Kipenga kilikuwa mdomoni,
ndiyo, nilikitoa, hata leo nakumbuka ladha ya chuma,
nikawa napima: hili ni tusi, au ni hoja?
Nikipuliza, si nimekuwa Hallbera?
Nikiwa bado napima, yeye akatoka. Miguu mitupu,
nyayo zikiyeyusha theluji moja moja hadi mlangoni.

Wiki tatu.
Kofia yake ya sufu ilikauka juu ya hita ya ofisini
hadi nikaona haya kuitazama.
Nikampelekea. Nilikwenda na hotuba:
nitamfungia Eyvindur mwezi mzima,
nitaandika sheria ya kumi na moja.
Akaniacha nimalize. Kisha:

"Eyvindur namjua tangu tuna meno ya utoto.
Tusi lake ningelirudisha na riba.
Lakini nilikutazama wewe.
Watu sita, na mwangalizi, na hakuna aliyesema,
'Ngojeni. Steinvör, una la kujibu?'
Zamu yangu ilikuwa wapi?"

Akavaa kofia yake humo humo ndani, akafunga mlango.

Siku hizi mkono wangu mmoja uko kwenye vali.
Thelathini na nane, wananiambia ni maji ya kuogeshea mtoto.
Arobaini na mbili, Ketill anapata kizunguzungu.
Hapo katikati pana nambari, lakini hubadilika
kwa upepo, kwa idadi ya watu, kwa nani kafiwa.
Nimejaribu kuiandika ukutani. Haiandikiki.

Jana Steinvör karudi. Eyvindur akasogea,
akampisha pale penye bomba la kukanda mgongo.
Hakuomba radhi, au labda hiyo ndiyo iliyokuwa radhi;
maji hayajatulia, wameshaanza: handaki.
Sauti zikapanda. Nikaziacha.
Zikapanda tena. "Eyvindur, pumua. Steinvör, endelea."

Nje ni hasi kumi na mbili.
Kwa baridi hii, kipenga cha chuma hung'ang'ania mdomo,
ukikivuta kinaondoka na kipande chako.
Ndiyo maana unaniona nimefumba kiganja:
nakipasha joto.